Jedwali Alilolitia Sahihi Mama Mdogo

Mama mdogo wangu, yaani mdogo wake mama anayemfuata kuzaliwa, alikuwa mpimaji. Hakupima viwanja wala nguo. Alipima watu waliokabidhiwa akiba za wenzao waziwekeze, ili ijulikane kama wanaijua kazi au wamebahatika tu. Ofisini walimwita Desimali, maana hakuvumilia namba iliyokatwa mkia. Ukimwambia umemsubiri dakika kumi, atakuuliza kama ni kumi kamili. Nyumbani tulimtania kwa hilo, na yeye alicheka kuliko sisi.

Nilipomwomba ruhusa ya kuandika habari zake alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akanipigia simu akasema niandike, mradi nisimpambe. Kwa hiyo simpambi.

Kampuni yake ilikuwa inachukua akiba za watu wengi, walimu, wenye maduka, wauguzi, na kuzinunulia hisa za makampuni kwa pamoja. Kila mtu alikuwa na vipande vyake katika mfuko huo. Aliyeamua hisa zipi zinunuliwe na zipi ziuzwe alikuwa meneja wa mfuko, mwanamume mrefu, mpole, aliyevaa sweta hata siku za joto. Walimwita Profesa ingawa hakuwahi kufundisha hata chekechea. Mama mdogo alikaa vyumba viwili kutoka kwake, penye dirisha linalotazama maegesho ya magari, na kila mwezi alitoa jedwali la ukurasa mmoja. Safu ya kwanza ilionyesha mfuko umepanda kiasi gani. Safu ya pili ilionyesha soko zima la hisa limepanda kiasi gani. Safu ya tatu ilikuwa tofauti kati ya hizo mbili, wakaiita ziada. Chini kabisa ilikuwa sahihi yake.

Hiyo ziada ndiyo iliyokuwa kila kitu. Soko likipanda, kila mwenye hisa anapanda nalo, hata aliyechagua hisa zake akiwa amefumba macho. Anayestahili kulipwa ni yule anayelipita soko, na jedwali la Mama mdogo lilisema Profesa analipita. Kwa miaka minne mfuko wake ulikua kwa wastani wa asilimia kumi na nne nukta mbili kwa mwaka, na soko kumi nukta tisa. Ziada tatu nukta tatu. Kampuni iliichapa namba hiyo kwenye magazeti kwa herufi za kusomeka ng'ambo ya barabara.

Mwaka wa tano kampuni ilibadilisha wauzaji wa takwimu. Wale wapya walileta faili lenye safu mbili za soko badala ya moja. Mama mdogo alilifungua Jumanne asubuhi, chai yake ikiwa bado inafuka mvuke. Safu moja ilihesabu bei za hisa peke yake. Safu ya pili ilihesabu bei pamoja na gawio, yaani ile sehemu ya faida ambayo makampuni huwagawia wenye hisa kila mwaka. Akatafuta ipi kati ya hizo mbili ndiyo aliyokuwa akiitumia tangu mwanzo. Ilikuwa ile ya kwanza.

Maana yake aliiona pale pale. Mfuko wa Profesa ulikuwa unapokea gawio na kulihesabu ndani. Soko alilolinganishwa nalo lilikuwa limenyang'anywa gawio lake. Kosa lilikuwa la Mama mdogo, alilifanya wiki ya kwanza ya kazi alipoagiza takwimu bila kusoma maelezo mpaka chini, na kila mwezi alilirudia kwa sababu halikuwahi kumpigia kelele. Soko likirudishiwa gawio lake lilikuwa limekua kwa asilimia kumi na tano kwa mwaka. Profesa hakulipita. Alikuwa nyuma yake kwa asilimia sifuri nukta nane.

Akafunga mlango akafanya hesabu ya pili, ambayo hakuna aliyemwomba. Alitaka kujua mfuko unayumba kiasi gani soko linapoyumba. Kipimo hicho wenyewe wanakiita beta. Ikiwa moja, mfuko unapanda na kushuka sawasawa na soko. Ya Profesa ilikuwa moja nukta tatu: soko likipanda kumi, yeye anapanda kumi na tatu, likishuka kumi, anashuka kumi na tatu. Hisa alizozipenda zilikuwa zile zenye vishindo. Katika miaka ya neema kama ile, mtu yeyote aliyebeba hatari kiasi hicho, bila ujuzi wowote, angetarajiwa kupata asilimia kumi na saba nukta nne: saba ambazo hata anayeikopesha serikali huzipata bila hatari, na nane ambazo soko lilizidi hapo, zikizidishwa kwa moja nukta tatu. Profesa alipata kumi na nne nukta mbili. Tatu nukta mbili pungufu. Ziada aliyotangaziwa na upungufu wake wa kweli vilikaribia kulingana, kama mtu na kivuli chake.

Mama mdogo alitoka akaenda kunawa mikono. Ananiambia hakumbuki kwa nini, mikono haikuwa na kitu.

Alijiambia atasema ripoti ya robo mwaka ikishatoka. Ripoti ikatoka. Akajiambia atasema mkurugenzi akirudi safari. Mkurugenzi akarudi na habari kwamba mfuko umeteuliwa kupata tuzo, na Mama mdogo akameza maneno yake. Kila wiki iliyopita iliongeza swali moja ambalo angelazimika kulijibu: kwa nini hukusema wiki iliyopita?

Hapo ndipo mama yangu alipoingia. Mama ni mkunga. Wakati huo alikuwa na miaka hamsini na minne, na hospitalini kwake kulikuwa na kikundi cha watu thelathini na mmoja waliojiwekea akiba ya uzeeni: wakunga, wahudumu wa wodi, dereva wa gari la wagonjwa, na mimi niliyekuwa nimeajiriwa dirisha la dawa nikiwa na akiba yangu ndogo. Akiba ilikuwa kwenye hati fungani za serikali, yaani fedha tulizoikopesha serikali kwa riba, ikikua taratibu, asilimia saba kila mwaka. Watu walikuwa wameanza kunung'unika. Waliliona tangazo la Profesa na wakajua kwamba mdogo wake Mama anafanya kazi pale pale.

Jumapili moja alasiri tulikwenda kwa Mama mdogo. Alikuwa sebuleni anapiga pasi sare za shule za wanawe. Mama akatoa kipande cha gazeti kwenye mkoba akakiweka juu ya meza ya pasi.

"Wenzangu wananisumbua," alisema. "Wanataka tuhamie huku. Nimewaambia sina haja ya kusoma magazeti wakati nina mdogo wangu. Hizi namba ni za kweli?"

Mama mdogo alikitazama kile kipande muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Mimi nilidhani anatafuta kosa la chapa.

"Namba ndizo hizo, dada," akasema.

Mama akashukuru, akakikunja kipande chake. Mazungumzo yakahamia kwenye magoti ya bibi, mama yao. Nakumbuka tu kwamba pasi ilikaa juu ya kola ya shati mpaka ikatoa harufu, na mumewe, baba mdogo, akapiga kelele kutoka jikoni kuuliza nini kinaungua.

Mama mdogo anasema ameyapima maneno yale matatu miaka yote hii na hajapata namna ya kuyafanya yawe si uongo. Namba zilikuwa hizo kweli. Ndiyo maana aliyachagua.

Mwezi uliofuata kikundi kilihamisha kila kitu. Na mwezi huo huo Mama mdogo alifanya jambo ambalo sisi tulikuja kulijua baadaye sana. Yeye na mumewe walikuwa na akiba yao katika mfuko wa Profesa, kama wafanyakazi wengi wa pale. Akaitoa yote, akaipeleka kwenye hati fungani, kule kule tulikotoka sisi. Ilibidi baba mdogo naye atie sahihi. Baba mdogo ni fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache, lakini karatasi aliisoma.

"Kama mfuko wenu ni mzuri hivyo," alimwuliza, "mbona sisi tunatoka?"

Akamjibu kwamba haipendezi mpimaji awe na maslahi kwa anayempima. Jibu lilikuwa la heshima kabisa, na baba mdogo akalikubali, akatia sahihi, akarudi kwenye jokofu lake.

Tuzo ikaja. Kampuni ilikodi ukumbi, watu wakavaa vizuri. Profesa alipopewa kipaza sauti hakujisifu. Alimwita Mama mdogo apande jukwaani, akamshika bega, akawaambia watu kwamba meneja yeyote anaweza kujipigia debe, lakini yeye anapimwa na mwanamke asiyejua upendeleo. Watu wakapiga makofi wakiwa wamesimama. Mama mdogo alitabasamu. Picha ipo, nimeiona. Kwa asiyejua, ni picha ya mtu mwenye furaha. Anasema alikuwa akitazama mlango wa kutokea na kuhesabu meza zilizopo katikati.

Miezi kumi na sita baadaye soko lilianguka. Halikuanguka siku moja; lilishuka kwa miezi mitano kama mtu anayeteremka ngazi gizani, na lilipotulia lilikuwa limepoteza asilimia ishirini na moja. Mfuko wa Profesa ulipoteza ishirini na saba na ushei. Ni hesabu ile ile ya moja nukta tatu, safari hii ikielekea chini.

Hospitalini kulikuwa kama msibani. Aliyeumia zaidi alikuwa mhudumu mmoja mzee tuliyemwita Bibi Mashuka, kwa sababu mashuka yote ya wodi nne yalipita mikononi mwake. Alikuwa amebakiza miezi saba astaafu, na zaidi ya robo ya alichojiwekea maisha yake yote kilikuwa kimeyeyuka. Lakini hakuna aliyemlaumu Mama. Walisema soko ni soko. Na Mama hakumlaumu mdogo wake hata kwa dakika moja. Alichokuwa akiwaza kilikuwa kingine kabisa: alisikia kwamba makampuni ya namna ile yanapunguza watu, akahofia mdogo wake atapoteza kazi.

Basi Jumamosi asubuhi akaenda kumwona. Alimkuta uani anaanika nguo, akachukua upande wa pili wa shuka kama walivyofanya tangu utotoni. Haya sikuyaona, nimesimuliwa na wote wawili, na masimulizi yao hayatofautiani.

Mama alimwambia asijali. Alisema watu wa hospitali wanaelewa, hakuna anayesema neno baya. Kama ofisini mambo yataharibika, watoto wake wawili wakubwa wanaweza kuja kukaa kwetu mpaka hali itengemae. Chumba kipo, na chakula cha wanne kinatosha sita. Aliyasema hayo huku akibana vibanio, bila kumtazama, ili asimtie haya.

Mama mdogo aliweka beseni chini. Anasema angeweza kuvumilia kutukanwa. Alikuwa amejiandaa kutukanwa kwa miezi mitano, akiwa na majibu. Hakuwa na jibu la chumba na chakula.

"Dada, zile namba hazikuwa sawa," akasema.

Akaeleza yote, gawio, safu mbili, beta, akisimama kila mara kama mtu anayepanda mlima. Mama aliendelea kuanika mpaka beseni likaisha. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Ulijua lini? Kabla sijakuuliza, au baada?"

"Kabla."

Mama akajifuta mikono kwenye kanga yake. "Mimi sitakwenda kuwaambia," akasema. "Utakuja wewe mwenyewe. Alhamisi, saa saba, zamu zinapobadilishana." Akachukua mkoba wake akaondoka. Chai aliyoandaliwa ilibaki mezani, na Mama si mtu wa kuacha chai.

Jumatatu Mama mdogo alikwenda kwa mkurugenzi. Huyo hakufoka. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa uaminifu wake, halafu akamwonyesha njia: robo mwaka ijayo watabadilisha kigezo cha soko, na chini ya ukurasa wataweka tanbihi kwa herufi ndogo kusema kwamba njia ya kulinganisha imeboreshwa. Imeboreshwa. Ya nyuma yatabaki nyuma. Mama mdogo hafichi kwamba tanbihi ile ilimvutia. Aliibeba nyumbani kichwani kama mtu aliyepewa dawa ya usingizi. Kilichomzuia hakikuwa ushujaa, anasema, ni Alhamisi. Asingeweza kusema jambo moja kwa wakunga na jingine kwenye ripoti. Jumatano aliandika barua kwa mamlaka inayosimamia masoko, akaambatanisha majedwali yote sabini na sita, yaliyokosewa na yaliyosahihishwa, akaipeleka kwa mkono wake.

Kabla ya kuipeleka alipita kwa Profesa. Aliona ni haki asikie kwanza. Alitarajia atabisha, au atacheka, au atamtishia kwa wakili. Profesa alivuta jedwali jipya karibu, akalifuata kwa kalamu mstari kwa mstari, akaomba kikokotoo, akarudia mwenyewe hesabu ya mwaka wa pili. Ikatoka vile vile. Akavua miwani.

"Miaka yote hii nilidhani ninaweza," alisema. Baada ya muda akaongeza, bila hasira, "Ungeniambia mwaka ule ulipojua, ningepunguza hatari. Nilikuwa naiongeza kwa sababu karatasi yako iliniambia nina jicho."

Mama mdogo hakuwa amelifikiria hilo. Katika hesabu zake za aibu alikuwa amewaweka wenye akiba, dada yake, mumewe. Profesa mwenyewe alikuwa amemhesabu miongoni mwa waliofaidika. Sasa akamwona amekaa na sweta lake, mzee ghafla, na akaelewa kwamba alimnyima huyu pia kitu alichokuwa na haki nacho. Alitoka bila kuaga vizuri.

Alhamisi akaja hospitalini. Walikutana chumba cha kubadilishia nguo cha wauguzi, penye makabati ya chuma na harufu ya sabuni ya sakafu. Wengine walikaa kwenye benchi, wengine wamesimama, nusu yao wakiwa na sare za kazi na nusu na nguo za nyumbani. Mimi nilisimama mlangoni. Mama alikaa benchi la nyuma kabisa, hakumtambulisha, hakumkaribisha. Mama mdogo alikuwa amekuja na karatasi za michoro, lakini alizishika tu hakuzifungua.

Alisema vizuri. Hakutumia maneno ya ofisini. Aliwaambia kwamba alimlinganisha meneja na soko lililopunjwa, na kwa hiyo akaonekana bora kuliko alivyo. Kwamba zaidi ya hapo meneja alikuwa akibeba hatari kubwa kuliko soko, na katika miaka ya kupanda hatari hiyo ilivaa sura ya ujuzi. Dereva wa gari la wagonjwa, aliyekuwa akila ndizi pembeni, akauliza kama ni sawa na dereva anayesifiwa kwa kuwahi kumbe alikuwa kwenye mteremko na hashiki breki. Mama mdogo akasema ndiyo, ni hivyo hasa. Watu wawili watatu wakacheka kidogo, na kwa kitambo kifupi ilionekana kama mambo yatapita salama. Aliwaambia kosa la kwanza lilikuwa la bahati mbaya, lakini kunyamaza hakukuwa kosa. Alijua, na dada yake alipomwuliza hakumwambia.

Hapo aliishia. Nadhani alidhani amemaliza.

Bibi Mashuka alikuwa amekaa kwenye ndoo aliyoipindua, miguu yake ikiwa imevimba kama kila mwisho wa zamu. Alinyanyua mkono kama mwanafunzi.

"Mwanangu, nimekuelewa," alisema. "Na zako? Zako zilikuwa wapi wakati huo wote?"

Mama mdogo alizikunja zile karatasi zake. Angeweza kudanganya, hakuna pale ambaye angejua. Hilo namhesabia upande wa mema, ingawa amenikataza nisimpambe.

"Nilizitoa, mama," akasema. "Mwezi ule ule mlioingia ninyi, mimi nilitoka."

Hakuna aliyefoka. Mtu mmoja alifunga kabati lake polepole, akageuza ufunguo. Bibi Mashuka alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichokinunua, akajiinua kwa kushika ukuta akaenda kazini. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Nilimtazama Mama. Hilo hakuwa ameambiwa uani. Alikuwa amekaa na mikono mapajani akitazama viatu vyake vyeupe, na shingo yake ilikuwa imesinyaa kama ya mtu aliyelowa mvua. Alikuwa ameaibika mbele ya watu aliofanya nao kazi miaka ishirini na sita. Alipoinuka alipita karibu na mdogo wake bila kumgusa.

Mama mdogo alibaki peke yake katikati ya makabati. Nilitaka kwenda kwake, nikabaki mlangoni. Nami nilikuwa na vipande vyangu vichache, na nilikuwa na hasira.

Mamlaka ilichukua mwaka mzima. Kampuni iliamriwa kuchapa namba sahihi kwa herufi kubwa zile zile, na kuwarudishia walioingia kwa sababu ya matangazo ada walizokatwa za kusimamiwa akiba. Tulipata kiasi, si hasara yote. Profesa aliondoka mwenyewe. Nasikia siku hizi anasimamia mfuko unaofuata soko tu bila kuchagua chochote, na kwamba ana amani. Mama mdogo alizuiwa kutia sahihi ripoti yoyote ya uwekezaji kwa miaka mitano. Kazi akaacha kabla hawajamwachisha. Sasa anafanya takwimu za mitihani ya shule za sekondari, katika ofisi yenye feni moja, kwa mshahara ambao ni theluthi ya ule wa zamani.

Kabla Bibi Mashuka hajastaafu, Mama mdogo alimfuata nyumbani na bahasha yenye fedha za kufidia hasara yake, kutoka katika zile akiba alizoziokoa. Baba mdogo alikubali bila kuuliza. Siku hizo alikuwa hamsemeshi sana. Bibi Mashuka aliipokea. Hakusema asante na hakumkaribisha ndani. Alimwambia tu kwamba hiyo si zawadi, na Mama mdogo akaitikia kwamba anajua. Wengine thelathini hakuwa na uwezo wa kuwalipa. Mpaka leo akikutana na mmoja wao njiani huvuka barabara, hata wanapomwita kwa jina zuri.

Yeye na Mama walikaa karibu mwaka wakizungumza habari za dawa za bibi tu. Bibi anatumia dawa tatu, kwa hiyo walizungumza mara nyingi, lakini hakuna kilichopita nje ya vidonge. Kisha bibi alilazwa, wakapokezana kumlinda, na watu wanaopokezana kiti kimoja hawawezi kununiana milele.

Kuna jambo moja la mwisho. Mwaka jana soko lilipanda sana. Ule mfuko wa zamani, ambao kikundi chetu kilikuwa kimeshautoka baada ya Alhamisi ile, ulirudi pale ulipokuwa na kupapita. Wodini watu wakaanza kusema kwamba tungetulia tungekuwa matajiri, kwamba mdogo wake Mama alitutia woga bure. Mama alilichukua hilo akampelekea, na nadhani alilichukua kama zawadi. Nilikuwepo. Tulikuwa tumekaa barazani kwa Mama mdogo, mvua ndogo inanyesha.

"Hata Bibi Mashuka amesikia," Mama alisema. "Ukiangalia, mwishowe hakuna aliyeumia kwa sababu yako; tungetulia yote yangerudi."

Niliona jinsi Mama mdogo alivyotaka kuipokea zawadi hiyo. Alikuwa amechoka, na ilikuwa inatolewa na mtu ambaye ndiye aliyekuwa na haki ya kuitoa.

"Soko limepanda tu, dada," akasema. "Ningekuwa nimesema kweli lingepanda, na ningeendelea kudanganya lingepanda. Halihusiani na mimi."

Mama alisogeza kiti chake mbali na matone yaliyokuwa yakirukia barazani, kisha akavuta na kile cha mdogo wake, akiwa bado amekikalia, mpaka vikagusana.